Kitanda cha Nne

Kutaisi, Februari. Theluji imegeuka tope,
nasi watano tumezunguka kitanda, makoti yangali mabegani.
Kazi yangu ni kuandika. Nikaandika:
*Kitanda cha nne kimekataa.*

Mguu wa kushoto umeoza hadi kifundoni.
Daktari Kiknadze anasema wiki mbili, huenda pungufu.
Mwanawe, Zviad, ameshatia saini,
kalamu akairudisha mfukoni upesi, kama mtu aliyeiba.
"Mama haelewi," anasema,
naye mama yuko palepale, anamtazama mdomo.

Tukampima akili.
Leo tarehe gani? Akakosea.
Toa saba katika mia, uendelee kutoa.
Tisini na tatu, themanini na sita… akanyamaza.
"Miaka arobaini nimeoka mkate," akasema,
"nikiinama ndani ya tanuri, kichwa chini,
mguu huu ndio ulionishika nisitumbukie.
Nanyi mwaniuliza saba?"

Mwanafalsafa wa kamati akakohoa.
Alikuwa na neno refu kuhusu uhuru wa nafsi,
likamkwama. Chumba kilinuka iodini
na kile kingine ambacho hatukukitaja.

Wahenga walishasema habari ya kitanda usichokilalia.
Sisi tulikuwa tumekisimamia.

Ndipo muuguzi, Natela
(hayumo katika kamati, alikuja kubadili shuka tu),
akachuchumaa hata nyuso zikalingana:
"Bibi Tsiuri, unaogopa nini?"

Swali hilo halimo kwenye fomu.

Anaogopa mguu kutupwa na takataka.
Anataka uzikwe alipozikwa mumewe, Otar,
"utangulie kunitandikia."
Anataka asubuhi, si usiku. Anataka dirisha wazi kidogo.
Akatafuna kimya chake kitambo.
Kisha: "Kateni."

Msumeno ni uleule. Mguu ni uleule.
Saini ya Zviad ingetufikisha papa hapa,
wala sijui kama naweza kuwathibitishia wenye vitabu
kilichobadilika ni nini.
Nilimwona tu Zviad akiichana fomu yake,
vipande akavitia mfukoni pamoja na kalamu,
kisha akaitoa tena kalamu, akampa mama.
Mama akaandika jina polepole,
herufi zikiteremka nje ya mstari.

Usiku nikaufungua muhtasari wangu.
Kosa lilikuwa dogo, la sarufi.
Kukataa kwake sikukugusa.
Nilifuta *ki* tu,
nikaandika *a*.