Pishi Sita

Mkataba unasema megabiti ishirini kwa sekunde.
Tumelipa. Risiti ninayo, ina muhuri wa Nuuk.
Lakini kifua cha Inooraq, vipande mia nne vya picha,
kinatambaa tangu chai ya saa nne,
na Bodil Rask, daktari wa zamu upande wa pili, ananipigia:
"Nimefika mabegani. Naomba na mapafu."

Theluji imeziba dirisha hadi kwenye komeo.
Sahani ya antena nimeipangusa kwa ufagio; kosa si lake.
Nikapima: kwenda na kurudi, milisekunde mia sita.
Pakiti hupanda hadi setilaiti, hushuka Nuuk,
jibu nalo hupanda, hushuka Tasiilaq.
Anga haipunguzi bei.

Ndipo nikashuka kwenye kiini cha mfumo,
chumba kisicho na kiti cha mgeni,
nikakuta bafa ya soketi: kilobaiti sitini na nne.
Kibaba.
Aliyekiweka hakuwa mjinga.
Alikuwa na seva mbili, chumba kimoja, waya wa mita tatu.
Tasiilaq haikumjia akilini.

Sikia basi, Inooraq, wewe unayekohoa nyuma ya pazia:
seva inamimina kibaba kimoja, inasimama,
inakunja mikono, inangoja kuambiwa "nimepokea".
Zaidi ya nusu sekunde inakufa hivyo,
barabara pana, nyeupe,
na mkokoteni mmoja tu.
Haba na haba hujaza kibaba, tuliambiwa.
Kikishajaa je?

Hasira zikanipanda. Nikaandika megabaiti sitini na nne.
Ghala zima!
Picha zikatimka, foleni ikafurika kwenye modemu,
na sauti yangu ikakwama nyuma ya mbavu za Inooraq;
Bodil akawa ananijibu swali nililokwisha kulisahau.
Nikafuta.

Nikatafuta penseli. Upana mara muda wa safari:
ishirini, mara sita ya kumi, kumi na mbili;
gawa kwa nane.
Megabaiti moja na nusu,
yaani vibaba ishirini na vinne,
yaani pishi sita, bila kombo wala kilemba.
Nikaandika, upande wa kutuma na wa kupokea,
nikabonyeza, nikashika ukingo wa meza.

Dakika tatu na ushei.

"Zimefika," akasema Bodil. Nikasikia kipanya chake
kikishuka kipande kwa kipande.
Kisha kimya.
Nikahesabu, ndiyo kazi yangu: mia sita. Elfu moja.
Elfu nne.
Kimya hiki hakikuwa cha setilaiti,
wala hakuna faili ninayoweza kuifungua nikakipunguza.

Nikalisogeza pazia.
Inooraq ameketi, buti miguuni, tayari kurudi kiwandani kwa samaki wake.
"Zimekwenda?"
Zimekwenda, nikamwambia. Zote.