Mwonja Chai wa Shimanzi

Kazi yangu kusuuza vikombe.
Bwana Katoch huivuta chai kijikoni, fyuu,
huizungusha kinywani, huitema ndooni,
kisha hutaja bei.

Leo katema, kanyamaza.
Majani haya, akasema, yamenirudisha Kangra:
milima imebeba theluji mgongoni,
miguuni mpunga, na chai kidogo;
vijana wote jeshini, pensheni ndiyo mavuno.

Liko hekalu moto watoka mwambani
bila kuni, bila mtu wa kupuliza.
Mamake huzipanda ngazi kwa magoti mabovu,
mkononi nazi moja ya sadaka,
nazi iliyotoka mbali,
nusu siku ya kuchuma chai imekwenda.

Nazi! Nilicheka kikombe kikaniponyoka.
Kwetu Mtongwe zatuangukia mabatini usiku,
twaamka tukitukana.

Jumatatu nikamletea moja, nimeifua,
kishungi nimekiacha, kama alivyosema wao hukiacha.
Kaiweka mezani kati ya sampuli.
Haina namba. Mnada umepita mara tatu,
mamake hajaiona,
naye kila asubuhi, kabla ya kikombe cha kwanza,
huitikisa sikioni.

Maji bado yamo.