Namba Saba

Verlyn Haugstad ana daftari la jalada la kijani.
Ndani yake mna mabasi:
mwaka wa kuundwa, maili, betri, kutu,
na safu ya mwisho, nyembamba, isiyo na kichwa,
ambamo huandika kwa penseli tu
neno moja: bado.

Mabasi kumi na moja, Dakota ya Kaskazini.
Watoto mia mbili na wanne.
Kila mwaka watoto wanapungua;
barabara hazipungui.
Wa kwanza hupandishwa saa kumi na mbili na robo,
giza limeganda juu ya mashamba ya ngano,
na pumzi yake hufika ngazini kabla yake.

Kanuni ipo. Imetiwa fremu, imetundikwa ofisini:
basi likifika miaka kumi na miwili, liondoke;
kila mwaka linunuliwe moja.
Ilitungwa mwaka ambao ngano ilipanda bei.
Kisha ikaja mvua ya mawe.
Kisha paa la ukumbi wa michezo.
Kisha boila.
Bodi ikasema: mwakani.
Mwakani ukafika, nao ukasema: mwakani.
Namba Saba likatimiza miaka kumi na tisa,
umri wa kuwa na mtoto wake chuoni.

Huku mchwa ni chumvi.
Chumvi ya barabarani, ya kuyeyusha barafu,
huanzia chini, pasipo na macho,
ikatafuna matao, ikatafuna vidato,
na juu rangi ya njano inacheka tu.
Verlyn hulala chali juu ya ubao wa magurudumu,
anagonga fremu kwa nyundo ndogo, anasikiliza.
Chuma kizima hulia.
Kilichooza hukohoa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta:
yeye anaziba kwa riveti, kwa bati la pipa,
kwa kioo alichokitoa Namba Nne,
Namba Nne lile lililolala nyuma ya gereji
bila taa, bila milango, bila kiti cha dereva,
marehemu anayerithiwa kabla ya kuzikwa.

Februari bodi ikakutana maktabani,
kwenye viti vya darasa la pili,
magoti ya wakulima yakigusa videvu.
Mweka hazina, Rosalind Schaan, akavua miwani:
"Haliwezi kuvuta mwaka mmoja tena?"

Verlyn hakujibu. Si mtu wa hotuba.
Akatoa mfukoni mwa koti
kipande cha sakafu, ukubwa wa kiganja,
akakivunja kwa vidole viwili
kama mtu anayemega biskuti.
"Kiti cha tatu," akasema. "Kushoto."

Kermit Oster, aliyepinga kila ununuzi tangu achaguliwe,
akautazama ule unga mwekundu juu ya meza.
Mjukuu wake hukaa hapo.
Alikuwa ameusimulia mara mia ule upepo wa miguuni,
nao wakamnunulia soksi nene.

Kura sita, hakuna wa kupinga.

Agosti jipya likaja, linanuka plastiki.
Namba Saba akalinunua mfuga nyuki, dola mia tisa.
Kabla hajaliondoa, Verlyn akapaka rangi nyeusi
juu ya jina la wilaya,
herufi moja moja, bila haraka.
Mgongoni mwa viti akaacha yale yaliyochongwa kwa funguo:
majina, mioyo, tusi moja
lililoandikwa kwa tahajia mbovu
na mtu ambaye leo ni mjumbe wa bodi.

Marva Tollefsrud, miaka ishirini na mitatu kwenye usukani,
akifika kituoni
mkono wake wa kulia hunyooka wenyewe
kuushika wenzo wa mlango.
Hakuna wenzo. Kuna kitufe.
Watoto wakiwa nje kwenye theluji ya kwanza
wanamwona akishika hewa,
akiivuta,
kisha akikumbuka.

Gerejini Verlyn yuko chini ya Namba Tatu.
Anagonga.
Ananyamaza.
Anagonga tena, palepale.