Glavu ya Mkono wa Kushoto

Upepo wa Patagonia hauna msimu.
Ni mpangaji asiyelipa kodi:
anaingia na viatu, anakalia kiti cha baba,
anafungua kabati, anahesabu vijiko.

Siku tatu Heriberto alimsubiri atoke.
Siku tatu ndege ilifungwa kamba nyuma ya banda la sufu,
ikitetemeka kama farasi aliyenusa puma,
na barafu ya chanjo za kondoo ikageuka maji sandukuni.
Siku ya nne akasema, "Leo umepungua."
Haukupungua.
Tulikuwa tumeuzoea.

Mkwewe, Bibi Eluned, akaleta keki nyeusi ya zabibu
ndani ya kopo la biskuti,
ya mjukuu wake anayesoma Comodoro.
"Usiipindue," akamwambia.
"Nimewahi kupindua nini, mama?"

Kazi yetu, mimi na Nahuel, ilikuwa kushika mabawa.
Ndege ndogo ikiwa ardhini si ndege,
ni tiara lenye injini.
Nahuel kulia, mimi kushoto, unakotokea upepo,
tukatembea nayo kama watu wanaomsindikiza mlevi kwake,
hadi mwanzo wa njia: changarawe, mavi ya kondoo,
na soksi ya upepo imenyooka kama mkono wa askari wa barabarani
ikielekeza kwenye mipopla.

Heriberto akainua kidole gumba.
Maana yake, achieni.
Nahuel akaachia.

Mimi niliwaambia wakaguzi kwamba niliachia.
Niliachia, ndiyo.
Ila mwamba ngoma huvutia kwake,
nami nilivutia kwangu, pumzi moja,
si kwa ubaya: nilikuwa nimeuona upepo
umechuchumaa nyuma ya banda,
nikawaza, ngoja kwanza upite huu.
Vidole viliwaza hivyo, si mimi.
Ndege ilikwisha kuanza kwenda.
Mkono ulitoka.
Glavu ikabaki, imenasa kwenye pete ya kufungia kamba
chini ya bawa,
ikipunga.

Pua iligeuka kidogo upande wangu
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake,
ikanyooka tena, ikakimbia,
magurudumu yakaacha ardhi, kimo cha uzio, si zaidi.
Kisha upepo uliokuwa umechuchumaa
ukasimama.

Kishindo sikukisikia. Upepo ulikila nacho.
Niliona tu bawa la kushoto likipanda, likipanda,
la kulia likichora mstari kwenye changarawe,
na tumbo la ndege, ambalo sikuwahi kuliona juani,
jeupe, lina madoa ya oili.

Nilifika wa kwanza.
Gurudumu moja lilikuwa bado linazunguka.
Petroli inanuka. Heriberto ananing'inia kwenye mkanda,
kichwa chini, nywele zimesimama kama za mtoto aliyeamshwa,
ananitazama.
Na hili sijamwambia padri wala mke wangu:
kabla sijaufungua mkanda,
niliifungua glavu.
Nikaitia mfukoni.
Ndipo nikapiga magoti.
"Keki?" akauliza.

Mkaguzi alitoka Buenos Aires, kofia ikamtoroka mlangoni pa gari,
akaandika upepo mkali wa pembeni,
akapiga mhuri, akala kondoo wa kuchoma, akaondoka.

Keki haikuvunjika. Tuliila hospitalini, kwa kisu cha Nahuel,
wakati nyonga ya Heriberto ikifungwa vyuma.

Sasa huja Jumapili na fimbo yake.
Tunapokezana kibuyu cha yerba,
tunasemezana bei ya sufu, meno ya kondoo wazee.
Mara, bila mtu kumuuliza, husema,
"Ulikuwa upepo,"
halafu hunipa kibuyu, na hutazama mkono ninaopokelea.

Kopo lipo juu ya kabati, nyuma ya taa mbovu.
Ndani mna glavu moja, ya kushoto,
bado ina harufu ya petroli na zabibu.
Bibi Eluned huuliza kila mwaka kopo lake liko wapi.
Nasema, upepo ulilichukua.
Hapa kwetu hakuna asiyeamini hilo.