Maharagwe ya Jumamosi

Kabla pesa hazijanifika mkononi
mama alitaka zipite kwanza mkekani.
Alimimina maharagwe kutoka kikombe cha bati,
yale yenye madoa, kila moja shilingi mia,
akasema, "Haya, Ithungu, nenda sokoni."
Na soko likawa palepale, baina ya magoti yetu,
mvua ya Bwera ikipiga paa,
kahawa mbichi ikinuka chini ya turubai.

Mimi wa tano. Kwetu jina ni hesabu:
Musoki, Biira, Kabugho, Mbambu, ndipo mimi.
Viatu vilinifikia
vimeshatembea kwa miguu minane.

Jumamosi nilichuma kahawa kwa jirani Thembo,
debe moja, elfu mbili. Yaani maharagwe ishirini.
"Kalamu?" Matano yakasogea ukingoni.
"Sabuni?" Matatu.
"Kabalagala?"
Nikasukuma yote yaliyobaki, kwa kiganja kizima.
Mama akayatazama
kama mtu anayetazama mto ukijaa.
"Na Jumatano?"
Sikuwa nimewaza kwamba Jumatano nayo hula.

Nikayarudisha. Moja moja. Yalikuwa mazito.

Watu husema haba na haba hujaza kibaba.
Mama alikuwa na swali lake:
"Na aliyekitoboa kibaba ni nani?"

Maana nilikuwa na kopo la samli,
mfuniko umepasuliwa kwa kisu,
na nilikuwa na pini ya nywele.
Siku ya soko la Mpondwe niliona miwani ya plastiki,
nyekundu. Nikaivaa,
na milima yote ya Rwenzori ikawa kama imetiwa nyanya.
Elfu moja na mia tano.
Nilirudi nyumbani nikijikwaa kwa furaha.

Mama hakunipiga. Hakuuliza hata bei;
alikuwa muuza ndizi, bei alizijua.
Alihesabu maharagwe kumi na tano, akayatenga.
"Umekopa," alisema.
"Kwa nani?"
"Kwa Ithungu wa mwezi wa pili,
siku shule itakapofunguliwa.
Yuko njiani, anakuja peku juu ya kokoto,
wala hajui kama umemchukulia.
Akifika, utamweleza mwenyewe."

Usiku ule nilimsikia.
Nyayo zake, kule barabarani, taratibu.
Mbambu alisema ni mbuzi wa jirani.
Nilijua si mbuzi.

Basi nikalipa. Mawili kila Jumamosi,
na wiki ya mwisho moja la ziada, la kuomba radhi.
Miwani ilivunjika mguu kabla deni halijaisha,
nikaendelea kulipia kitu kilichokuwa tayari
kikichezewa na kuku.

Mwezi wa pili ukafika, na mimi nikafika ndani yake.
Viatu vya dukani vilinishinda kwa elfu nne.
Nilidhani mama angeniongezea. Hakuniongezea;
alinishika mkono hadi kwa fundi wa sandali za tairi,
akaniacha nihesabu mwenyewe.
Zilinuka mpira na moto.
Zilikuwa na namba za gari kwenye unyayo
na hazikuwa zimetembea na mtu yeyote.
Nilipita mbele ya dada zangu wanne
polepole, kama lori.

Leo mwanangu Kabugho ananicheka:
"Pesa ziko kwenye simu, mama, maharagwe ya nini?"
Kweli. Hazina mlio, hazina uzito,
zinaondoka kwa kidole kimoja na mwenye nyumba hajui.
Ndiyo sababu nayamwaga mezani, kando ya simu,
nami namuuliza kuhusu Jumatano.

Zamani zile, Jumapili, hesabu ikishakwisha,
mama aliyaosha yote akayapika,
kalamu, sabuni, akiba, madeni, chungu kimoja.
Tulikula tukashiba.
Ila kila mara lilikuwepo moja gumu, halikuiva,
na sijui alifanyaje,
lilikuwa daima kwenye sahani yangu.