Utepe wa Seremala

Alfajiri ya Oruro, baridi inauma mpaka kwenye fizi.
Tumekuja na skafu shingoni,
na badala ya kuni tumebeba bomba la plastiki
na utepe wa chuma wa baba yake Wayra, seremala,
tulioukata vipande bila kumuuliza.

Mafundo tuliyofundishwa mwaka jana kwa ajili ya mahema
leo yanashika antena.
Kamba ni ileile.

"Itachomoza kusini," asema Señora Casilda,
ambaye siku za kazi huuza betri sokoni.
"Dakika tisa, basi.
Setilaiti haimngoji aliyesahau glavu."

Wayra ananyoosha mkono.
Redio inakoroma.
Inakoroma.
"Mahindi yanakaangwa," Ilario anacheka.
Mimi na dira nasoma nyuzi kwa sauti:
mia na themanini, mia na sitini...
ulimi umeganda, hesabu haigandi.

Halafu, tiki-taka,
tiki-taka,
kama saa iliyotumbukia kisimani,
na kwenye kompyuta yenye kioo cha ufa
picha inashuka mstari kwa mstari:
kijivu, kijivu, mawingu, mawingu,
na penye tundu la mawingu
weupe wa jangwa la chumvi.

"Sisi tuko wapi?"
Señora anaweka ukucha uliopasuka juu ya doa.
"Hapa. Mnatetemeka."

Mchana seremala anautafuta utepe wake.
Tunampa picha.
Anaitazama, anaigeuza, anaitazama tena.
"Kutoka hapa mpaka hapa, mita ngapi?"

Na sisi hatuna cha kupimia.