Buibui

Kivulini lilikuwa bwana harusi.
Nikamwambia Bwana Mlekwa, lisogeze hatua mbili,
na jua la saa tano la Isevya likalivua shati:
boneti nzima utando,
duara ndani ya duara, uzi juu ya uzi,
gari jeusi limevaa buibui alilofuma buibui.

"Watoto wa shule," akasema. "Mbuzi. Miiba ya njia ya Urambo."
Sikumjibu.
Mwiba huchora mstari ukaenda zake.
Mizunguko ni kazi ya mkono unaorudi.

"Unalifutia nini?"
Akatoa chini ya kiti shati lake la kazini,
la enzi za kupima tumbaku,
kola imekwisha, vifungo viwili bado vipo.
Kila alfajiri, akasema, kabla ya chai.
Kavukavu. Kabla vumbi halijazoea.
Miaka kumi na mmoja.

Basi ndiyo hiyo, nikamwambia.
Vumbi letu ni mchanga uliosagwa tu, kila chembe ina jino,
nawe umelisugua kwa mapenzi.
Akanyamaza kama mtu anayeambiwa na jirani
kwamba mkewe hulia usiku.

Kwanza maji, mengi, kutoka juu kwenda chini,
ndoo ya sabuni mbali na ndoo ya kusuuzia.
Kisha kucha.
Naipitisha ya kidole gumba, polepole, kwa kuukatiza mchubuko.
Ikipita bila kukwama, unatoka.
Ikikwama, huo ni wa kwenu, zeekeni pamoja.
Mmoja tu ulikwama, chini ya kitasa cha mlango wa abiria,
mahali pete hugusa mtu anapofungua.
Hakuuliza. Sikueleza.

"Dawa ya meno je? Nimesikia inasaidia."
Dawa ya meno ni ya meno.

Umeme ukakatika mashine haijapata hata joto,
nikashika sponji.
Polishi kidogo, kama punje ya hindi,
kwenda na kurudi, kisha kukatiza, kama unasuka mkeka,
usizungushe, usizungushe,
dada yangu alinifundisha hivyo mpaka nikamchukia.

Na hili watu hawalijui:
mchubuko hauondolewi.
Utaondoaje pengo?
Unachopunguza ni kile kilichobaki kizima pembeni yake,
unakishusha, unakishusha,
mpaka kifike kimo cha jeraha,
ndipo jicho linasema: pamepona.
Kwa hiyo kila mng'aro ni gari limekonda kidogo.
Nimeona milango iliyopendezeshwa
mpaka ikatoa mfupa.

Saa tisa boneti ikaanza kushika vitu:
waya za umeme usiokuwepo,
kunguru mmoja,
kisha mimi, kichwa chini, jasho puani,
mwanamke ambaye sikumtarajia.

Mwisho nta.
Inatoka Sikonge, kwa shangazi yake Lusangija,
anayerina mizinga ya miyomboni.
Naiyeyusha na tapentaini ndani ya kopo la siagi,
inanukia moshi, na maua ya msitu
ambao gari hili halijawahi kuupita.
Bwana Mlekwa akainama akanusa boneti
kama anayenusa kichwa cha mtoto,
halafu akaona haya, akahesabu pesa mara mbili.

Nikampa taulo jipya, laini, lenye manyoya.
Lowesha kwanza. Usikandamize. Lile shati, choma.
Akalipokea kwa mikono miwili.

Leo nimepita Cheyo kabla ya chai.
Yuko nje, ameliinamia gari,
shati mkononi, anazungusha, anazungusha,
midomo inakwenda kama mtu aliye katikati ya mazungumzo.
Sikusimama.
Taulo langu nililiona kupitia kioo, kiti cha abiria,
limekunjwa vizuri,
limefungwa mkanda.